Mama, Usipuuze Mguu Mmoja Unaovimba

AFYA YA MAMA NA NYUMBA YAKE

 

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulipi uzito. Juzijuzi, baada ya kikao chetu cha akina mama, tulikuwa tumekaa kivulini tukisubiri chai. Dada mmoja ambaye ana mtoto wa majuma matatu akaniuliza taratibu, ili wengine wasisikie: "Nesi, mguu wangu wa kushoto unauma nyuma, hapa kwenye kigimbi. Mama anasema ni mshipa umevutika, anikande. Wewe unaonaje?"

Niliacha kikombe changu palepale nikamtazama mguu. Ashukuriwe Mungu, safari hii ulikuwa ni msuli tu. Lakini swali lake lilinirudisha mbali sana, kwenye swali kama hilo ambalo niliwahi kulijibu vibaya.

MGUU AMBAO SIKUUTAZAMA VIZURI

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, katika zahanati moja ya kijiji mbali na hapa. Mama mmoja aliyejifungua siku kumi na mbili zilizopita aliletwa na mama yake mzazi. Alikuwa na mtoto wa tatu, mzima, ananyonya vizuri. Nilimpima joto, nikatazama tumbo, nikauliza kama damu bado inatoka. Yote yalikuwa sawa. Kisha akasema mguu mmoja unamuuma, umejaa kidogo, na ana siku tatu hawezi kuukanyagia vizuri.

Niliugusa. Ulikuwa na joto kuliko mwenzake. Hilo nalikumbuka mpaka leo. Lakini foleni ilikuwa ndefu nje, nami sikujua maana ya lile joto. Nikamwambia, "Ni uchovu wa kulala, mama. Kunywa vidonge hivi vya maumivu, wakuchue na dawa hii, upumzike."

Siku ya nne yake habari ikafika. Alfajiri aliamka kwenda chooni, akashika kifua, akasema, "Nakosa pumzi," akaanguka. Haikupita hata nusu saa.

Hakuna aliyempima kujua sababu, lakini kwa niliyojifunza baadaye sina shaka kubwa: donge la damu lilitoka mguuni likaenda kuziba mapafu. Na msiba haukuishia hapo. Watu walisema amekanyaga dawa aliyotegewa mlangoni. Bibi mmoja jirani, mjane asiye na mtetezi, alinyooshewa kidole mpaka akahama kijiji. Mtoto mchanga akabaki bila mama, na bibi wa watu akabaki bila nyumba, yote kwa sababu ya ugonjwa ambao una jina na una dawa.

Ndiyo maana leo naandika. Sitaki dada yeyote anayesoma ukurasa huu aseme hakuambiwa.

DAMU HUGANDAJE NDANI YA MGUU?

Sote tunajua damu huganda. Ukijikata na kisu ukimenya viazi, baada ya dakika chache damu hukatika yenyewe. Hiyo ni zawadi. Bila hiyo tungekufa kwa mkwaruzo mdogo. Shida huja pale damu inapoganda mahali isipotakiwa, ndani ya mshipa ambao haujakatika.

Mguuni kuna mishipa inayoshusha damu kutoka moyoni, na kuna mingine iitwayo vena inayoipandisha kuirudisha moyoni. Kupandisha ni kazi ngumu kuliko kushusha. Damu ya mguuni hupandishwa na misuli ya kigimbi: kila unapopiga hatua, msuli hukaza na kuisukuma damu juu. Ukilala au kukaa bila kutikisa miguu kwa muda mrefu, pampu hiyo inasimama.

Ninyi mnaolima mpunga mtanielewa haraka. Maji ya mfereji yakitembea, mfereji unabaki safi. Maji yakisimama, tope hutua chini na kujaa, hatimaye mfereji unaziba. Vena ya mguu nayo ni hivyo.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita daktari mmoja wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alieleza jinsi donge la damu linavyoweza kutoka mahali lilipoganda na kusafiri mpaka mapafuni. Hadi leo madaktari hutaja mambo matatu yanayohusishwa na jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi ya kuganda.

Sasa mtazame mama mjamzito. Tumbo linakandamiza mishipa ya nyonga, damu inapanda polepole. Akijifungua, hasa kwa upasuaji, mishipa inaumia. Na damu yake imejiandaa kuganda upesi kuliko siku zote, ili asipoteze damu nyingi siku ya kujifungua. Yaani mambo yote matatu yamekutana kwa mtu mmoja. Maandalizi yaleyale yanayomwokoa asitokwe na damu ndiyo yanayoweza kumdhuru mguuni.

DALILI ZA KUANGALIA

Chukua kalamu, mama, uziandike hizi.

1. Mguu mmoja kuvimba. Unaweza kuwa kigimbi tu, au mguu mzima mpaka pajani. Kwa wajawazito mara nyingi huwa ni mguu wa kushoto, kwa sababu upande huo vena hukandamizwa na mshipa mwingine mkubwa unaopita juu yake.

2. Maumivu ya kigimbi au paja, kama msuli uliokaza usiotaka kulegea. Huzidi ukisimama au ukitembea. Kwa mjamzito donge linaweza kuwa juu kabisa nyongani, akasikia maumivu ya kinena, tako au mgongo kabla ya mguu kuvimba.

3. Joto. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mguu mmoja, kisha mwingine. Mguu wenye donge mara nyingi una joto zaidi.

4. Ngozi kubadilika rangi. Vitabu vingi husema mguu huwa mwekundu, lakini ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kirahisi. Tazama kama inang'aa kwa kuvutika, au imekuwa nyeusi zaidi kuliko mguu mwingine, au mishipa ya juu imetokeza.

Kama una wasiwasi, tumia utepe wa fundi cherehani. Pima kigimbi cha kila mguu mahali palepale, kama upana wa kiganja kimoja chini ya goti. Tofauti ya sentimita 3 au zaidi si ya kupuuza. Huna utepe? Tumia uzi, ukaufunge fundo kwa kila mguu, kisha ulinganishe. Lakini usingoje ifike sentimita 3 ndipo uende kutazamwa, maana wapo wenye donge ambao mguu haujavimba sana, na wapo wasio na dalili yoyote mguuni.

DALILI ZA HATARI KUBWA

Donge likikatika na kupanda mapafuni, hakuna muda wa kuita kikao cha ukoo. Dalili ni hizi:

- Kukosa pumzi ghafla, hata ukiwa umekaa.
- Maumivu ya kifua yanayochoma zaidi ukivuta pumzi ndefu.
- Kukohoa, pengine na damu.
- Moyo kwenda mbio.
- Kizunguzungu, kutokwa na jasho, au kuzimia.

Watu husema, "Ni kichomi," au "Ni presha imepanda," wakampa mgonjwa maji ya uvuguvugu. Mama aliyejifungua majuzi, au aliyefanyiwa upasuaji, akipata hata moja ya dalili hizi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

SI KILA UVIMBE NI DONGE

Sitaki kuwatisha. Miguu huvimba kwa sababu nyingi.

Miguu yote miwili ikivimba jioni wakati wa ujauzito, na ikapungua asubuhi, mara nyingi ni hali ya kawaida. Lakini ikiambatana na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba, nenda upesi, maana hiyo yaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba.

Matende nayo huvimbisha mguu, na katika mkoa wetu wa Morogoro wazee wanayafahamu. Lakini matende huja polepole, kwa miezi na miaka. Donge la damu huja kwa saa chache au siku chache. Mguu uliokuwa mzima Jumapili na Jumatano umejaa, huo si matende.

Kidonda kilichoingiwa na wadudu kinaweza kuleta uvimbe, joto na homa. Hicho nacho kinahitaji hospitali. Kwa hiyo usihangaike kujipima nyumbani ni kipi kati ya hivi. Kazi yako ni kuona kwamba mguu mmoja si kama mwenzake. Kutafuta sababu ni kazi yetu sisi watumishi wa afya.

NI NANI ALIYE KATIKA HATARI ZAIDI?

Mtu yeyote anaweza kupata, ila wapo wanaopaswa kuwa macho zaidi:

- Mjamzito, na zaidi ya hapo aliyejifungua, hasa majuma 6 ya kwanza.
- Aliyejifungua kwa upasuaji, aliyetokwa na damu nyingi, aliyepata homa ya uzazi, au aliyelazwa muda mrefu.
- Aliyefanyiwa upasuaji wowote mkubwa, au aliyevunjika mguu akafungwa plasta ngumu.
- Aliyewahi kupata donge la damu, au ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kupata.
- Mwenye saratani, selimundu, ugonjwa wa moyo, kifua kikuu, au anayeishi na VVU.
- Mwenye unene uliopita kiasi, mvutaji wa sigara, na mtu mwenye umri mkubwa.
- Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani ambaye hatoki kitandani. Wengi wetu tunauguza wazazi; tusiwasahau.
- Anayesafiri kwa kukaa mahali pamoja zaidi ya saa nne, hasa akiwa na jambo jingine katika haya.
- Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye vichocheo viwili.

Hili la mwisho nalifafanua, maana najua kuna atakayekimbilia kutupa vidonge vyake jikoni. Sikiliza hesabu. Katika wanawake 10,000 wasio wajawazito na wasiotumia vidonge, 1 hadi 5 hupata donge kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge hivyo, ni 3 hadi 9. Kwa wajawazito, ni 5 hadi 20. Na kwa waliojifungua, katika majuma 12 ya kwanza, hesabu yake ni 40 hadi 65. Unaona basi: vidonge huongeza hatari, lakini mimba yenyewe huongeza zaidi, na uzazi ndio kilele. Usiache njia yako ya uzazi wa mpango kwa hofu ukaishia kupata mimba usiyoitarajia. Ila umwambie mtoa huduma ukweli wote: kama uliwahi kupata donge, kama unavuta sigara, kama umejifungua juzi. Zipo njia zisizo na kichocheo hicho, kama kitanzi, vipandikizi, au vidonge vya kichocheo kimoja. Mama anayenyonyesha kwa kawaida hapewi vidonge vya vichocheo viwili mpaka mtoto afikishe miezi 6.

HATA BINGWA WA DUNIA ALIPUUZWA

Pengine umewahi kusikia jina la Serena Williams, Mmarekani aliyetawala mchezo wa tenisi kwa miaka mingi. Mwaka 2011 alipata madonge ya damu mapafuni akapona. Septemba 2017 alijifungua binti yake kwa upasuaji wa dharura. Siku iliyofuata akaanza kukosa pumzi. Kwa kuwa alilijua tatizo lake, alijikongoja mpaka kwa muuguzi akasema anahitaji kipimo cha mapafu na dawa ya kuzuia damu kuganda. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya akili. Walipima miguu, haikuonyesha kitu. Serena akashikilia neno lake. Walipopima mapafu, wakakuta madonge kadhaa, akaanzishiwa dawa mara moja. Haya aliyasimulia mwenyewe kwenye gazeti moja la kwao mwaka 2018.

Nimejifunza mambo mawili hapo. La kwanza, ugonjwa huu haumwogopi mtu mwenye afya na nguvu. La pili, mama anaujua mwili wake. Ukiona mtumishi wa afya anakuharakisha, kama mimi nilivyomharakisha yule mama, usirudi nyumbani kimya. Sema kwa heshima lakini kwa uwazi: "Nesi, nimejifungua siku kumi zilizopita, mguu mmoja umevimba, naogopa donge la damu. Naomba daktari anitazame." Maneno hayo ni machache, na yanaweza kumfanya hata muuguzi aliyechoka asimame.

MAJI YA MOTO NA DAWA YA KUKANYAGA

Hapa nazungumza na akina mama wakwe na mama zetu wazazi, kwa heshima zote.

Mwaka jana mama mmoja wa kwaya hapa kwetu alijifungua kwa upasuaji. Alirudi nyumbani akawekwa ndani kama desturi ilivyo, hatoki, kila kitu analetewa kitandani. Siku ya kumi na sita nikaenda kumtazama mtoto. Nikamkuta mama mkwe amechemsha sufuria la maji, taulo liko begani, mguu wa kushoto wa mkwewe umejaa mpaka pajani, ngozi inang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Huyu amekanyaga kitu. Nataka nimkande damu mbaya ishuke, jioni tumpeleke kwa mtaalamu."

Nilitaka kupiga kelele, lakini nikajizuia. Nikakaa chini kwenye mkeka karibu yake. "Mama, ninyi mmemtunza vizuri sana, mtoto amenona. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiuguse mguu huo leo. Ndani yake yaweza kuwa kuna damu iliyoganda. Ukiikanda, inaweza kukatika ikapanda kifuani. Twende kwanza hospitali. Wakisema hakuna kitu, nitarudi mimi mwenyewe nikushikie taulo."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaondoa sufuria jikoni akasema, "Haya. Lakini twende wote, na mimi nisikie wakisema."

Tulipiga simu namba 115. Hii ni namba ya bure ya mpango wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, kwa ajili ya kusafirisha wajawazito, mama waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga wanapopata dharura. Andika namba hiyo ukutani, mama, palipo na kalenda. Hospitalini walimpima mguu kwa altrasaundi wakaliona donge kwenye vena ya paja. Akaanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Leo yuko kwaya, anaimba sauti ya kwanza, na mama mkwe wake ndiye anayewaambia wengine kijijini, "Mguu ukivimba, usikande!"

Sisemi kwamba desturi zetu zote ni mbaya. Mzazi kupumzika na kupikiwa ni jambo jema sana. Lakini kupumzika si kulala kutwa kucha. Na kabla ya kumnyooshea jirani kidole kwamba amemtegea mtu dawa, tumwulize kwanza daktari. Yule bibi aliyehama hanitoki moyoni.

Wakati mnasubiri usafiri: msiukande wala kuuchua mguu, msiuchanje chale, msimtembeze mgonjwa mwendo mrefu. Akikosa pumzi, mkalishe akiwa ameegemea, mlegezee nguo.

MATIBABU YAKOJE?

Kwanza ni sindano za dawa iitwayo heparini, ambayo huzuia donge lisikue na mengine yasijitengeneze, ili mwili upate nafasi ya kuliyeyusha lenyewe. Kisha hufuata vidonge, kama warfarini au dawa mpya zaidi, kwa kawaida si chini ya miezi 3. Usiache ukijisikia nafuu, maana donge hurudi.

Heparini haimdhuru mtoto aliye tumboni. Warfarini haifai kwa mjamzito kwa kuwa inaweza kumlemaza mtoto, lakini mama anayenyonyesha anaweza kuitumia. Zile dawa mpya hazishauriwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Kwa hiyo daktari ajue hali yako.

Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara ili kipimo cha dawa kisizidi wala kupungua. Asimeze aspirini, dawa nyingine za maumivu, au dawa za miti shamba bila kuuliza. Mboga zetu za majani, kama matembele, mchicha na kisamvu, zina vitamini K, ambayo hushindana na dawa hiyo. Si kwamba uache mboga. Kula kiasi kilekile siku zote, usishinde juma zima bila mboga kisha juma linalofuata ukala bakuli zima kila mlo. Ukiona fizi zinatoka damu, choo cheusi, mkojo wa damu, au hedhi isiyokatika, rudi hospitali.

Usipotibiwa, hata kama donge halikupanda mapafuni, mguu unaweza kubaki umevimba kwa miaka, mzito, wenye vidonda visivyopona.

JINSI YA KUJIKINGA

- Ukishajifungua salama, inuka utembee kidogo mapema. Aliyepasuliwa naye aanze kukaa na kusimama siku hiyo au kesho yake, kama muuguzi atakavyomwelekeza. Yauma, najua, lakini inuka.
- Ukiwa kitandani, pindisha na kunyoosha vifundo vya miguu, mara kumi kila saa. Waweza kufanya hivyo huku unanyonyesha.
- Kunywa maji ya kutosha. Uji na chai pekee havitoshi kwa mama anayenyonyesha katika joto letu la Kilosa.
- Safarini usikae kama gunia. Mabasi yaendayo Mbeya kupitia Mikumi hutumia saa nyingi, nasi hukaa tumebanwa, mtoto mapajani na mizigo chini ya miguu. Weka mzigo pengine, chezesha vidole na visigino, na basi likisimama shuka utembee. Kwenye treni ya mwendokasi, iliyoanza kupita Kilosa kwenda Dodoma mwaka 2024, unaweza kusimama na kutembea njiani kati ya viti.
- Kliniki ya wajawazito, sema historia yako yote. Aliyewahi kupata donge anaweza kupewa sindano za kinga wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua.
- Ukimwuguza mgonjwa nyumbani, mgeuze, mkalishe, mnyooshee miguu kila siku. Ila kama mguu wake mmoja umevimba, usifanye hivyo kwanza. Mwite mtumishi wa afya.

MASWALI MLIYOULIZA

"Mishipa ya miguu yangu imetokeza kama nyoka tangu mimba ya pili. Je, ndiyo donge?" Hapana, hiyo ni vena ya juu iliyolegea, na wengi wetu tunayo. Ila ikiwa ngumu kama kamba, ikauma na kupata joto, nenda ukatazamwe.

"Mume wangu anaweza kupata?" Ndiyo. Aliyevunjika mguu kwa bodaboda, dereva wa masafa marefu, aliyepasuliwa. Msomee ukurasa huu.

"Nikipata mara moja, nisizae tena?" Wengi huzaa tena salama, lakini lazima daktari ajue mapema, ikiwezekana kabla ya kushika mimba.

Wapendwa, kila mwaka tarehe 13 Oktoba, siku moja kabla ya kumbukumbu ya Baba wa Taifa, dunia huadhimisha siku ya kuelimishana juu ya ugonjwa huu. Ni siku aliyozaliwa yule daktari Virchow. Lakini sisi tusingoje Oktoba. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jumapili hii ukimtembelea mzazi, ukishampakata mtoto na kumsifu, usisahau kumtazama mama yake. Mwombe anyooshe miguu yote miwili mkekani. Weka mkono wako. Linganisha.

Nami ningemlinganisha yule dada siku ile, huenda mwanawe leo angekuwa na mama.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.